Wanafunzi wameona filamu ya Petit Pays, sasa kitabu hawakitaki. Nimjibu nini huyu kijana?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)

Jambo wapendwa. Nafundisha Kifaransa mwaka wa tano na wa sita wa sekondari hapa Bukavu, na Jumamosi mchana nina kilabu cha kusoma pamoja na wale wanaopenda kubaki. Muhula huu tulichagua Petit Pays ya Gaël Faye, kile kilichopata tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka 2016. Nakala ni chache, kwa hiyo kitabu kinatembea: leo kiko kwa huyu, kesho kutwa kiko kwa mwenzake kule Panzi au Bagira. Tulikuwa tunakwenda vizuri mpaka mtu alipovuka kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, na flashi yenye filamu ya Éric Barbier, ile ya 2020. Vijana wakaiangalia nyumbani kwa mmoja wao, wamebanana mbele ya kompyuta. Jumamosi iliyofuata vitabu vikarudi mezani kwangu. "Mwalimu, mwisho tumeshaujua."

Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. Nimeiangalia, na Isabelle Kabano, yule Mnyarwanda anayecheza Yvonne, mama wa Gaby, yule mtoto wa Bujumbura anayesimulia hadithi, alinitoa machozi. Kinachonisumbua ni hoja ya kijana mmoja, tena mwenye akili kuliko wengi. Alisimama akasema waliotengeneza filamu ni watu wa kazi hiyo, wamesoma kitabu kizima, wamechukua mchele wameacha pumba. Kwa nini yeye arudi kupepeta pumba? Wenzake wakapiga makofi. Nilimwambia nitamjibu Jumamosi ijayo, maana aliuliza kwa nia njema, naye anastahili jibu lililopimwa, si karipio la mtu anayelinda kabati lake la vitabu.

Kitabu hiki kinatutaja. Mwanzoni kabisa familia ya Gaby inatoka Bujumbura kwa gari kuja Bukavu kumtembelea mzee Jacques, Mbelgiji aliyebaki Zaire, na ndiyo Jumapili yao ya mwisho wakiwa wote wanne pamoja. Halafu kuna yule jirani Mgriki, Bi Economopoulos, anayemwazima Gaby kitabu kimoja baada ya kingine wakati mji unachafuka. Mtoto anajifungia na vitabu kwa sababu nje hakuna pengine pa kukimbilia. Nawezaje kukubali mtoto wa Bukavu, wa miaka hii tuliyo nayo, apite kando ya kurasa zile kwa sababu ameshaona filamu?

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Ninyi mnaanza na kitabu au na filamu? Na kuna vitabu gani vingine, hasa vya Kifaransa na vya kwetu, vilivyotengenezewa filamu ambavyo naweza kuviweka sambamba ili waone wenyewe kwamba hizi ni kazi mbili?

Msimuliaji wa Birere (Goma)

Mwalimu, aksanti kwa swali hili. Mimi sifundishi. Nasimulia filamu kwa Kiswahili katika ukumbi wa video hapa Birere. Hoja ya kijana wako naijibu kila siku nikiwa na maikrofoni mkononi, basi naomba niseme kwa urefu kidogo.

Wasioijua kazi hii, iko hivi. Filamu inakwenda kwa Kifaransa au Kiingereza. Mimi nakaa pembeni ya skrini na mashine ndogo ya sauti. Watu wa kwenye filamu wakianza kuongea nashusha sauti yao naingiza yangu. Ikija bunduki au wimbo naipandisha tena. Mtu wa nje atadhani kinachotakiwa ni kugeuza maneno tu. Hapana. Fika pale mtu anaponyamaza, anatazama dirisha, muziki unapanda: lazima sauti itoke kwenye benchi la nyuma, "Anawaza nini huyo?" Watu wamelipa, wanataka kujibiwa. Kwa filamu za ngumi najibu kadiri hadithi inavyonipeleka. Lakini filamu ikiwa imetoka kitabuni, jibu limeshachapishwa mahali, na moyo wangu haukubali kulibuni. Ndiyo maana nilianza kutafuta vitabu: vya mitumba, vya kuazima kwa padri, vingine nasoma kwenye simu usiku.

Baada ya miaka ya kufanya hivyo, naweza kumwambia kijana wako kwamba kinachobaki nyuma kitabu kinapoingia kwenye filamu ni mwenye kusimulia, na huyo si pumba. Kamera inakuonyesha Gaby akiiba maembe na wenzake pale mtaani. Vizuri sana, unayaona maembe. Kitabuni anayeyakumbuka maembe hayo ni mtu mzima anayeishi Ufaransa, anayejua yaliyompata kila mmoja wa wale watoto, na kila tamu anayoiandika ina uchungu chini yake. Filamu inakuweka ndani ya mchana ule. Kitabu kinakuweka ndani ya kichwa cha mtu ambaye mchana ule umemkatalia kuisha. Ukiwa umekwisha kuujua mwisho, ndiyo kwanza umefika alipo msimuliaji wa kitabu, kwa sababu yeye naye ameujua tangu sentensi ya kwanza.

Filamu nayo ina haki yake. Mama wa Gaby anaporudi kutoka Kigali baada ya mauaji ya kimbari na kueleza alichokikuta nyumbani kwa jamaa yake, kitabuni tunamsikia kupitia masikio ya mtoto aliyekuwa pale. Kwenye filamu tunapewa uso wa Kabano. Pale mimi nilizima maikrofoni. Ukumbi ulikuwa umejaa, wachuuzi wa mpakani, madereva wa chukudu, wamama wawili watatu, na hakuna aliyeuliza anawaza nini. Kwa dakika zile filamu imekipita kitabu, nami nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Kitu kingine cha kuwaambia wanafunzi: filamu hii ilipigwa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka. Watu wa Goma wanalitambua Ziwa Kivu kabla hata sijafungua mdomo, huku hadithi inasema tuko Bujumbura, kwenye Tanganyika. Kitabuni ziwa ni jirani wa kuogopwa, kuna viboko, na kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya Gaby kuna mamba. Ziwa letu halina mamba. Mtoto wa Bukavu aliyekulia kwenye maji haya anaweza kuiona tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu, na hapo umeshamfungulia mlango.

Sasa jozi. Ninayoijua kuliko zote ni Gorilles dans la brume. Dian Fossey, Mmarekani aliyewachunguza sokwe wa milimani, alikitoa kitabu mwaka 1983. Filamu ya Michael Apted, na Sigourney Weaver akimcheza Fossey, ikaja 1988. Hii inatuhusu sisi wa huku kwa namna ambayo filamu haisemi vya kutosha. Fossey alianzia upande wetu, Kabara, kwenye malisho yaliyo kati ya milima ya Mikeno na Karisimbi, mwanzoni mwa 1967. Mwezi wa saba mwaka huohuo wanajeshi wakamteremsha mpaka Rumangabo, akatoroka, na mwezi wa tisa akaanza upya upande wa Rwanda, Karisoke. Wateja wangu wengi ni wa Kibumba na Rugari. Ukiwatajia Rumangabo wananyanyuka kwenye mabenchi.

Kitabuni yuko mtu anaitwa Sanwekwe, mfuatiliaji wa nyayo, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na mtafiti George Schaller. Ndiye aliyemfundisha Fossey kusoma majani yaliyolaliwa na mavi ya sokwe, kujua kundi limepita lini na limeelekea wapi. Kwenye filamu hayupo. Badala yake wameweka mtu wa kubuni, Sembagare, mwema, anayemfuata Fossey tangu mwanzo mpaka mwisho. Mchezaji anajitahidi sana, namheshimu. Lakini mtu wa kweli amefutwa ili filamu iwe na mhusika mmoja badala ya wengi. Kwa hiyo kila nikifika pale wanapopanda mlima mara ya kwanza, nalitaja jina la Sanwekwe kwenye maikrofoni. Naona ni deni langu.

Kisha angalia filamu ilichoongeza. Mapenzi ya Fossey na mpiga picha Bob Campbell yamejaa kwenye skrini; kitabuni Campbell ni mpiga picha aliyekuja kufanya kazi yake, basi. Na kifo cha Fossey, aliyeuawa Desemba 1985, kitabu hakina, kwa sababu kilitoka yeye akiwa hai. Muulize kijana wako: mwisho upi hasa ndio "ameshaujua"? Mwisho wa filamu haumo kitabuni hata kidogo. Na kitabu kina kurasa na kurasa za sauti za sokwe, chakula chao, familia zao, nani amezaa na nani amehama kundi. Mhariri wa filamu angeziita nzito. Lakini sokwe Digit anapouawa, siku ya mwisho ya 1977, kifo chake kinakubomoa kwa sababu ya kurasa hizo nzito. Umemjua tangu akiwa mdogo, umekaa naye miaka.

Mama wa Himbi (Goma)

Msimuliaji, umenifundisha. Sikujua mambo ya Sanwekwe na nimezaliwa chini ya milima hiyohiyo.

Mwalimu, mimi naleta Notre-Dame du Nil ya Mnyarwanda Scholastique Mukasonga, hadithi ya lise ya wasichana huko Rwanda, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Filamu ni ya Atiq Rahimi, ya 2019. Nilisoma lise ya bweni kwa masista, kwa hiyo kitabu hiki sikukisoma kwa macho tu. Kuna sura wasichana wanajadili jinsi ya kupika ndizi, kila mmoja anatetea ya mama yake, na wote wamechoka na vyakula vya kopo vya Wazungu. Ukikaa bweni utajua kwamba mazungumzo ya aina hiyo yanaweza kujaza usiku mzima, na kwamba ndani yake umeshamjua nani anatoka kwa matajiri, nani anatoka kijijini, nani anadharauliwa na nani anaogopwa. Mukasonga anakuchekesha na ndizi, na wakati huohuo amekupa ramani yote ya chuki itakayolipuka baadaye. Hadithi yenyewe ni ya 1973, na mwaka huo mwandishi mwenyewe alifukuzwa masomoni akakimbilia Burundi.

Tofauti kubwa ninayoiona: kitabu kinagawanyika. Sura hii unamfuata Virginia, ile Veronica, nyingine Gloriosa na ile mbinu yake ya kubadilisha pua ya sanamu ya Bikira Maria. Hakuna bwana wa hadithi. Lise nzima ndiyo inayoongea. Filamu haiwezi kuvumilia hivyo kwa muda mrefu, inabidi ichague nyuso za kutufungia. Rahimi ni mwandishi pia, riwaya yake Syngué sabour, iliyopata Goncourt 2008, aliitengenezea filamu mwenyewe, kwa hiyo si mtu wa kudharau kurasa. Picha zake ni nzuri mno: ukungu, sketi za shule, mvua. Mimi kwa upande wangu uzuri huo ulinisumbua. Bweni letu lilikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia na mafuta ya taa, na kitabu cha Mukasonga kina harufu. Filamu imeoshwa.

Lakini kwa swali lako la kipi kianze, mimi nasema filamu, tena bila wasiwasi. Watoto wetu wengi Kifaransa chao ni cha daftari. Ukimpa ukurasa wa kwanza wenye majina asiyoyajua, mahali asipopajua, anapotea kabla ya ukurasa wa kumi na anaona aibu kusema. Akishaona uso wa Gloriosa, akikutana na jina hilo kitabuni hapotei tena. Binti yangu nilimfanyia hivyo. Aliangalia kwanza, akasoma baadaye, na aliposoma alikasirika: "Mama, kwa nini hii hawakuiweka?" Hasira hiyo ndiyo ninayokutakia kwenye kilabu chako.

Wa ISP (Bukavu)

Habari zenu wakubwa. Mimi niko ISP, chuo cha ualimu, idara ya Kiingereza. Mwalimu, kwa wa mwaka wa sita jaribu hata kuwasimulia tu habari ya Joseph Conrad. Alipanda mto Kongo mwaka 1890, akafika mpaka maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo, na mwaka 1899 akachapisha Heart of Darkness. Mwaka 1979 Francis Ford Coppola akakichukua akatengeneza Apocalypse Now, na mto wetu ukahamishiwa Vietnam. Nahodha Marlow amekuwa askari Willard, pembe za ndovu zimekuwa vita vya Marekani. Kurtz peke yake amebaki na jina lake.

Darasani wengi husema Coppola alikuwa mwaminifu kwa roho ya kitabu. Mimi nasema sawa, ila kitabu chenyewe kilikuwa kimeshawanyima Wakongo midomo. Ndani yake karibu hawaongei. Filamu ikamalizia kazi kwa kuwaondoa na nchi yao. Wanafunzi wako wanaweza kuanza kuuliza swali hilo kwa kila filamu: nani alikuwa na sauti kitabuni, na nani anayo sasa?

Mtu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Salama ndugu zangu wa Kivu. Tuko mbali lakini tunawafikiria sana siku hizi.

Mwalimu, unataka fupi, unataka ya kwetu Waafrika, na unataka kumjibu huyo wa "mwisho tumeshaujua". Chukua La Noire de... ya Ousmane Sembène. Ni hadithi fupi tu, imo ndani ya mkusanyo wake Voltaïque wa 1962, unaweza kuisoma yote na darasa kwa kikao kimoja. Filamu aliitengeneza yeye mwenyewe mwaka 1966, nayo ni ya kama saa moja. Yaani Jumamosi moja inatosha kwa vyote viwili. Sijui jozi nyingine unayoweza kuimaliza hivyo.

Sasa sikia alichofanya. Hadithi inamhusu Diouana, msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa na mabwana zake, anadhani anakwenda kulea watoto, anakuta amekuwa mtumwa wa jikoni huko Antibes. Mwishowe anajiua. Kitabuni jambo hilo unalijua mwanzo kabisa: wachunguzi wanafika nyumbani, mtu amekufa, kisha ndipo Sembène anarudi nyuma kutueleza ilikuwaje. Kwenye filamu amegeuza. Diouana anashuka melini akiwa hai, amevaa vizuri, na kifo kinangoja mwishoni. Mwandishi ni yuleyule, hadithi ni ileile, na ameamua kwamba msomaji atajua mwisho tangu awali, mtazamaji atasubiri. Mweke kijana wako mbele ya hilo. Msomaji anayejua Diouana amekufa anasoma kila tabasamu la bibi mwenye nyumba kwa jicho la mpelelezi. Mtazamaji yeye anatumaini, halafu tumaini linavunjwa mikononi mwake. Ni hisia mbili tofauti kabisa kutoka kwenye msiba mmoja.

Halafu kuna kinyago. Kwenye filamu Diouana anawapa mabwana zake kinyago, wanakitundika ukutani, na kinaendelea kuonekana mpaka mwisho, Dakar, juu ya uso wa mtoto. Hadithi iliyoandikwa haina kinyago. Sembène alihitaji kitu cha kushikika kwa ajili ya yale ambayo kitabuni aliyasema kwa sentensi. Kwa hiyo usiwafundishe kwamba filamu hupunguza tu. Filamu ikiwa mikononi mwa mtu anayejua, inapanda mbegu ambayo kitabu hakikuwa nayo. Na Msimuliaji, wewe utalipenda hili: Diouana kazini karibu haongei chochote, lakini tunasikia sauti ya mawazo yake tangu mwanzo. Sembène alishajibu lile swali la benchi la nyuma.

Wakimaliza hiyo, wape Le Mandat, kitabu cha 1966, filamu Mandabi ya 1968. Ibrahima Dieng anatumiwa faranga elfu ishirini na tano kutoka Paris, elfu mbili tu ndizo zake, na hazipati kwa sababu hana kitambulisho, na kitambulisho hakipati kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa, na kadhalika mpaka anaibiwa zote. Hapa Lubumbashi nimewahi kusimama kwenye foleni za karatasi kiasi kwamba niliposoma kitabu hicho nilikuwa nakiwekea majina ya ofisi zetu. Sembène aliingia kwenye sinema kwa sababu watu aliowaandikia hawakuwa wanasoma Kifaransa. Mandabi aliifanya kwa Kiwolofu, mama wa sokoni aielewe. Hilo nalo waambie wanafunzi: kuna mwandishi mkubwa aliyeamini filamu kwa moyo wote na bado hakuacha kuandika.

Mwalimu wa Kadutu

Ndugu zangu, aksanti sana. Nimechapisha majibu yenu kwenye karatasi. La Noire de... ninayo kwenye kabati tangu chuoni na sikuwahi kuiweka sambamba na filamu. Yale ya wachunguzi kuwa mwanzoni ndiyo jibu nililokuwa nalitafuta.

Swali moja limebaki. Kuna mwenzangu ananishauri Johnny chien méchant ya Emmanuel Dongala pamoja na filamu yake, kwa sababu mwandishi ni wa Brazzaville na mambo yake tunayajua. Mnasemaje? Na Msimuliaji, hiyo mbinu yako ya maikrofoni, mtu asiye na kazi hiyo anaweza kuitumia darasani?

Msimuliaji wa Birere

Mwalimu, kitabu cha Dongala wape. Filamu usiwape.

Kitabu, cha 2002, kina sauti mbili zinazopokezana: Johnny, kijana aliyepewa bunduki, na Laokolé, msichana wa miaka kumi na sita, hodari wa masomo, anayemsukuma mama yake kwenye toroli akimkimbiza vita. Ukimaliza sura ya Johnny na kelele zake, unaingia kwenye akili iliyotulia ya Laokolé, unapumua, unaona mambo yaleyale kwa mtu anayefikiri. Filamu ya Jean-Stéphane Sauvaire, ya 2008, ilipigwa Liberia na vijana ambao wengine walikuwa wamepigana kweli, na imewafuata wavulana. Laokolé yumo lakini haongei kama anavyoongea kitabuni. Kilichokuwa mazungumzo kimebaki kelele za upande mmoja. Mimi nilikataa kuisimulia ukumbini. Tangu mwanzo wa 2025 watu wa Goma na Bukavu wameona yao wenyewe, na mtoto aliyelala chini ya kitanda akisikiliza risasi hana haja ya kufundishwa sauti hiyo na spika. Sauti ya Laokolé ndiyo itakayomfaa.

Kuhusu maikrofoni: ndiyo, inawezekana, na wala si lazima uwe na maikrofoni. Chagua kipande cha filamu kisichozidi dakika tano, mahali ambapo watu hawaongei sana. Zima sauti kabisa. Mwanafunzi mmoja asimame pembeni ya skrini na kitabu, asome ukurasa unaohusu jambo hilo huku picha zinakwenda. Atagundua mambo mawili mara moja. Picha zitamaliza kabla yake, kwa sababu kitabu kina mengi kuliko muda uliopo, na itambidi achague sentensi zipi aseme na zipi aache. Hapo ndipo atakapoijua kazi ya mtengeneza filamu, atakapoisikia kooni mwake mwenyewe. Kisha mwingine afanye tena kipande kilekile, aone kama atachagua sentensi zilezile. Hawatachagua sawa, nakuhakikishia.

Kwa Petit Pays usianze na mama kurudi kutoka Kigali. Hujui nani darasani amepoteza nani. Anza na watoto na maembe, Kifaransa chake chepesi na wote watacheka. Kama kuna mwenye aibu na Kifaransa, mruhusu asimulie kwa Kiswahili. Mradi ameshasoma ukurasa, maana hawezi kusimulia asichokisoma. Spika ichajiwe tangu asubuhi, umeme wa Jumamosi tunaujua. Na zamu ya kwanza mpe yule kijana wa pumba, kisha utuandikie hapa alichagua sentensi zipi.